Ngitili ya Mchoraji

Usukumani, mavuno yakishaingia nyumbani na mabua kukauka mashambani, huanza msimu wa ngoma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya tangu enzi za mababu, hukutana uwanjani, na mapambano yao yanayojulikana zaidi ni ya sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Mgeni anayefika mara ya kwanza hushangaa, maana vikundi havipokezani zamu. Vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji hukimbilia kule wanakovutiwa. Kikundi kilichojaza watu ndicho kilichoshinda. Ndiyo maana kila upande huficha mambo yake mapya. Nyimbo hutungwa na mbinu za kuchezea hufanyiwa mazoezi pembeni kwa miezi, na siku ikifika, hakuna anayeweza kuomba aongezewe wiki mbili ili wimbo ukomae.

Mchoraji wa katuni za mtandaoni naye yuko katikati ya uwanja wa aina hiyo, tofauti ni kwamba uwanja wake uko kwenye simu ya msomaji.

Tumfikirie kijana mmoja wa Samuye, kata iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga. Mchana yuko kwenye pamba. Usiku anachora hadithi ya mfululizo kwenye simu, kwa kidole, na kila Ijumaa anaituma Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Hadithi yenyewe inamhusu mchimbaji aliyekwenda kutafuta maisha kwenye maduara ya dhahabu ya Rwamgasa, Geita, akamwacha mama yake nyumbani. Wasomaji wako Kahama, Kakola, Geita mjini, na wachache wako Muscat wanakofanya kazi. Ijumaa hii saa nne usiku kila kitu kiko tayari isipokuwa fremu moja. Mkono wa mama uliomshika mwanawe begani umepinda, na vidole vimetoka vinene kama mihogo. Akikaa kuurekebisha, bando litamwishia saa sita na watu wataamka Jumamosi bila katuni. Akiutuma hivyo hivyo, atakuwa ameweka mbele ya watu kitu ambacho yeye mwenyewe anajua angeweza kukifanya vizuri zaidi.

Wengi watasema hilo ni suala la ufundi tu, ajifunze kuchora mikono. Lakini swali linalomkosesha usingizi kijana huyu limekwenda mbali kuliko mikono. Anataka kujua kama anamdhulumu mtu. Na kama kuna dhuluma, imo wapi: katika kumpa msomaji mchoro hafifu, au katika kumvunjia ahadi ya Ijumaa?

Methali hazitamsaidia sana. Atamwendea mzee mmoja aambiwe kwamba haraka haraka haina baraka, kisha avuke barabara kwa mwingine aambiwe kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na wa tatu amkumbushe kuwa chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wazee hawakuwa wakipingana. Kila methali ilikuwa na saa yake na jambo lake, na aliyeitamka alikuwa akimtazama usoni yule aliyekuja kuomba ushauri. Ukizikusanya zote kitabuni na kuzitaka zitoe hukumu moja, zinabaki zinatazamana.

Dini zimelichimba jambo hili kwa kina zaidi, na inafaa kukaa nazo kidogo.

Katika masimulizi ya uumbaji yaliyomo katika kitabu cha Mwanzo, Mungu anafanya kazi siku sita, na mara kwa mara anasimama, anaitazama kazi aliyoifanya na kuiona kuwa ni njema. Mwisho anaitazama yote na kuiona njema sana. Kinachofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini. Siku ya saba hakuitenga kwa ajili ya masahihisho, aliitenga kwa ajili ya kupumzika. Kazi iliyokwisha kupitishwa kuwa njema haikufunguliwa tena. Kuna mafundisho makubwa kwa mtu anayerudia mstari mmoja mara arobaini. Kuitazama kazi na kuihukumu ni sehemu ya kuumba, na kuiachilia nako ni sehemu ya kuumba.

Injili ya Mathayo nayo ina mfano wa mtumwa aliyepewa talanta moja akaifukia ardhini kwa sababu alimwogopa bwana wake. Kwa kawaida mfano huu huhubiriwa dhidi ya uvivu, lakini mtumwa yule anajieleza mwenyewe, na kilichomtawala ni hofu. Wachoraji wa namna yake ni wengi. Wana madaftari manne yaliyojaa wahusika, miji, silaha na koo za kifalme, na hakuna mtu aliyewahi kusoma hata ukurasa mmoja, kwa sababu wanangoja siku ambayo mkono utakuwa umekomaa kiasi cha kutoaibika.

Upande wa Uislamu, Waislamu hujifunza kutokana na hadithi za Mtume Muhammad kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mtu afanyapo kazi aifanye kwa ukamilifu, na kwamba papara hutoka kwa shetani. Mtu angeweza kuishia hapo na kumhukumu kijana wa Samuye akeshe na mkono wake hadi alfajiri. Lakini ipo hadithi nyingine, katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, inayofundisha kwamba amali zinazopendwa zaidi ni zile zinazodumu hata kama ni ndogo. Mafundisho haya hayapingani. La kwanza linahusu moyo anaouweka mtu katika kazi yake. La pili ni onyo kuhusu kufanya pupa. La tatu, ambalo wachoraji hawalisikii vya kutosha, linauheshimu udumifu wenyewe kama aina ya ubora. Kurasa mia mbili za wastani zilizotoka kila Ijumaa kwa miaka minne zina kitu ambacho ukurasa mmoja wa ajabu hauwezi kuwa nacho hata uchorwe na malaika.

Sasa turudi Shinyanga, kwa sababu wakulima wa hapa wanalo jibu ambalo wanafalsafa wangelitafuta kwa muda mrefu.

Mkulima wa pamba anapovuna hutenga madaraja mawili: pamba safi, na pamba fifi, yaani ile iliyopata madoa, iliyoguswa na wadudu au iliyonyeshewa. Fifi ina bei ya chini, lakini haina aibu. Mvua ilinyesha, wadudu walikuja, ndivyo msimu ulivyokuwa. Mkulima anaipeleka katika mfuko wake na mnunuzi anajua anachonunua. Aibu iko kwingine kabisa, kwa yule anayemwagia pamba maji au kuichanganya na mchanga ili izidi uzito kwenye mizani. Huyo hata kama nyuzi zake ni nyeupe kama maziwa, amedanganya.

Hapa ndipo ilipo hukumu ya msingi juu ya katuni. Mkono uliopinda ni fifi. Umetoka hivyo kwa sababu mchoraji bado anajifunza na usiku ulikuwa mfupi, na msomaji anaona wazi anachopewa. Maji kwenye pamba ni mambo mengine. Ni kunakili mchoro wa mtu mwingine na kuusaini, au kurefusha hadithi kwa fremu tupu ili wiki ipite. Ni kuiagiza akili mnemba itoe picha kisha kuwaambia watu kwamba umekesha unachora. Ni pia, na hili wachoraji hodari hawapendi kuambiwa, kuzidisha mapambo. Mandhari yenye majani elfu moja yaliyochorwa moja moja, mbele yake wahusika wawili wasio na la kuambiana, ni mchanga kwenye mfuko. Uzito upo, pamba haipo.

Ukiutazama ubora kwa jicho hilo, historia ya uchoraji katika sehemu zetu inasomeka upya.

Mwaka 1953 Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi kama mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha London kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka. Hao ni watu wa chama cha Bayeye, mashuhuri Usukumani. Ndani ya nyumba walizofundishia wanachama wapya, kuta zilijaa watu, nyoka na viumbe wa masimulizi yao, kwa mistari michache isiyohangaika na vivuli wala misuli. Mwanafunzi alifundishwa akiwa anazitazama. Kipimo cha mchoro kilikuwa kama mwanafunzi ametoka nje akiwa na somo kichwani. Kwa hiyo kusimulia kwa picha ukutani ni jambo ambalo nchi hii ya Wasukuma ililijua zamani, na mistari yake ilikuwa ya haraka kwa makusudi.

Mfano mwingine unatoka ukanda mwingine wa migodi, Lubumbashi, Kongo. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliishi kwa kuuza picha alizochora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Alichora upesi, akarudia picha zilizopendwa, kwa sababu alikuwa na familia ya kulisha na wateja wake walikuwa watu wa kawaida waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Mtu anayependa kudharau angemwita mchuuzi. Kati ya mwaka 1973 na 1974, akiwa na mtafiti Johannes Fabian, alichora historia nzima ya nchi yake tangu enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu, michoro takriban mia moja, kisha akaieleza mmoja baada ya mwingine kwa Kiswahili cha Katanga. Alijiita mwanahistoria, na alikuwa mwanahistoria. Nyuso zake zinafanana na mikono yake ina makosa. Lakini hakuna anayeitazama picha yake ya Lumumba akiwa mikononi mwa askari akabaki anahesabu vidole. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama angengoja apate turubai halisi na rangi za Ulaya, leo tusingekuwa na chochote.

Tingatinga anafundisha jambo la pili, lenye uchungu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hardboard, na aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka yake ya kuchora haikufika hata mitano. Mtindo wake uliendelea kupitia ndugu na wanafunzi, na ukalisha familia nyingi. Lakini soko la watalii lilipokua, twiga yule yule na tembo yule yule wakaanza kutoka kwa mamia. Hapo kasi iliacha kumtumikia mtu mwenye jambo la kusema, ikawa inatumikia rafu ya duka. Wapo mafundi wa Tingatinga waliokataa hali hiyo na wanachora vitu vipya hadi leo, nao wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Tofauti kati ya Tshibumba na yule mnakili wa twiga haiko kwenye saa. Wote wawili walichora haraka.

Magazeti yetu nayo yalijua haraka muda mrefu kabla ya intaneti. Wasomaji wa Uhuru walimpokea Chakubanga wa Christian Gregory, na wa Taifa Leo kule Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, mhusika aliyedumu magazetini kwa zaidi ya nusu karne. Gitau hakuwa mchoraji wa madoido. Mistari yake ilikuwa myepesi kiasi kwamba mtoto angeweza kuiiga kwa kijiti mchangani, na labda hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Alichagua mstari ambao mkono wake ungeweza kuubeba kila siku hadi uzeeni. Godfrey Mwampembwa, Mtanzania anayejulikana kama Gado, alijiunga na Nation ya Nairobi mwaka 1992 na kuchora siasa kwa zaidi ya miaka ishirini. Katuni ya tukio la jana ikitoka wiki ijayo ni karatasi ya kufungia vitumbua. Lakini Gado huyo huyo alitoa mwaka 1996 kitabu cha katuni cha Abunuwasi, visa vya kale visivyokimbizana na taarifa ya habari. Mkono mmoja, mwendo tofauti, kila kazi ikipewa muda inaoustahili.

Huko Asia ya Mashariki, ambako katuni ni kiwanda, swali hili limewahi kujibiwa kwa namna mbili zilizo mbali kabisa.

Mwaka 2009 Mjapani anayetumia jina la ONE alianza kuweka mtandaoni hadithi ya One-Punch Man. Michoro yake ilikuwa dhaifu kweli, ya mtu ambaye hajaufunza mkono wake. Watu wakaisoma kwa mamilioni, kwa sababu alikuwa na wazo zuri na hakuacha kuliendeleza. Mwaka 2012 Yusuke Murata, mchoraji hodari, akaanza kuichora upya hadithi ile ile. Leo zipo zote mbili, na wako wasomaji wanaoendelea kuipenda ile ya kwanza yenye mistari iliyopinda. Upande wa pili kuna Kentaro Miura na Berserk yake iliyoanza mwaka 1989. Kurasa za Miura zinafanya mtu asahau kufungua inayofuata. Kila kipande cha silaha na kila jiwe la ngome limechorwa kana kwamba hakuna kingine duniani. Kadiri miaka ilivyokwenda matoleo yakawa ya kusubiriwa kwa miezi. Miura alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 54, hadithi haijaisha, na rafiki yake Kouji Mori pamoja na wasaidizi wa studio yake wakaibeba tangu mwaka 2022 kwa kadiri walivyokumbuka alichowasimulia.

Hakuna haki ya kumlaumu Miura. Kazi yake ni nzuri kupita maelezo. Lakini mtu anayesema kwamba sanaa haidaiwi na msomaji, kwamba inadaiwa na uzuri peke yake, na kwamba ucheleweshaji husahaulika huku kazi nzuri ikibaki, anasema nusu ya ukweli. Anasema kweli kuhusu sanamu, kuhusu msikiti wa Kilwa, kuhusu shairi lililotungwa mara moja. Hadithi ya mfululizo ni kitu kingine. Bibi anaposema paukwa, na wajukuu wakajibu pakawa, tayari wameingia pamoja katika makubaliano. Hawezi kufika pale mtoto anapokaribia kuliwa na zimwi akanyamaza mwezi mzima ili atafute neno bora. Katika hadithi ya aina hiyo kungoja kwenyewe ni sehemu ya sanaa. Msomaji wa Kakola anayejua kwamba Ijumaa kuna kitu cha kusoma ameipa hadithi nafasi katika wiki yake, na nafasi hiyo ni deni.

Lakini deni nalo lina mipaka, na hapa ndipo kiwanda kinapokosea vibaya. Katuni za simu zinazoteremshwa kwa kidole zilikulia Korea Kusini, ambako Naver ilianza huduma yake mwaka 2004, na mwendo wake wa kawaida ni toleo kila wiki, lenye fremu nyingi na rangi kamili. Jang Sung-rak, aliyetumia jina la DUBU na aliyechora Solo Leveling iliyopendwa dunia nzima, alifariki Julai 2022 kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 37. Kifo chake kiliamsha upya mjadala kuhusu mzigo wanaobebeshwa wachoraji wa huko. Mwili ni amana, Mwislamu atasema. Mkristo atasema ni hekalu. Vyovyote itakavyoitwa, mtu hana ruhusa ya kuuchoma ili wageni wasiomjua wapate burudani kila Alhamisi, na msomaji mwenye imani hana ruhusa ya kudai hivyo.

Hebu tumweke kando yao Charles Schulz wa Marekani. Katuni yake ya Peanuts ilianza Oktoba 1950 katika magazeti saba, akaichora peke yake bila msaidizi kwa karibu miaka hamsini, jumla ya vipande 17,897. Alikuwa mtu wa kanisa aliyewahi kufundisha shule ya Jumapili. Baada ya upasuaji wa moyo mwaka 1981 mkono wake ulitetemeka, na mstari ukatetemeka pamoja nao. Hakuuficha wala kumwajiri mtu wa kuunyoosha. Wasomaji waliuona ukitetemeka asubuhi hadi asubuhi na wakaendelea kumpenda. Alifariki usiku wa kuamkia siku ambayo kipande chake cha mwisho cha Jumapili kilichapishwa, Februari 2000. Aliweza kwa sababu alichagua vichwa vya duara na ukuta mfupi wa matofali, vitu ambavyo binadamu mmoja anaweza kuvichora kila siku bila kujiua.

Kwa Msukuma, jibu la jinsi ya kuishi na ahadi bila kuumaliza mwili liko malishoni, na jina lake ni ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinaota, zinakomaa, zinakauka zikiwa zimesimama, na jirani mwenye tamaa akijaribu kuingiza mifugo anapelekwa mbele ya wazee wa dagashida, baraza la jadi. Kiangazi kinapokolea na kila mahali pamebaki vumbi, ngitili inafunguliwa kidogo kidogo. Desturi hii ilikaribia kufa wakati miti ilipofyekwa kwa ajili ya kuua mbung'o na kupanua pamba, hadi Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika hekta zaidi ya 300,000. Mwaka 2002 mpango huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu wa Shinyanga hawakuiokoa ardhi kwa kufanya kazi kwa kasi zaidi. Waliiokoa kwa kujizuia kula kila kilichoota siku kilipoota.

Mchoraji naye anahitaji uzio wake. Kijana wa Samuye angeanza kwa kuchora kurasa nane au kumi bila kumwonyesha mtu. Siku anayotangaza ukurasa wa kwanza, saba au tisa ziko nyuma yake. Kila wiki anatoa mmoja na kuchora mmoja, na akiba ile haiguswi ila kwa sababu za kweli: homa, msiba, au palizi ya Januari inayomtoa shambani gizani. Palizi ikimaliza akiba, anafanya kitu cha kiungwana, anawaambia watu kwamba kuanzia sasa katuni itatoka kila baada ya wiki mbili. Ahadi ndogo inayotimizwa inamheshimu msomaji kuliko ahadi kubwa inayovunjwa kila mwezi. Akiwa na ngitili, usiku wa Ijumaa hauna hofu, na mtu asiye na hofu huchora vizuri zaidi. Hilo kila fundi analijua mwilini.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kuharakishwa hata akiba ikiisha kabisa, nalo ni lile linalosemwa. Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Nyarugusu wanalijua vizuri. Jiwe linasagwa kwenye karasha, linaoshwa kwenye mwalo, zebaki inakamata dhahabu iliyo tayari kukamatwa, na mchimbaji mwenye njaa anaondoka na hicho. Sehemu kubwa ya dhahabu, mara nyingi zaidi ya nusu, inabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na mwenye mtambo wa sianidi anakuja kuyanunua kwa bei ndogo na kuchota kilichoachwa. Hadithi ya mchimbaji aliyemwacha mama yake ina dhahabu ya aina hiyo. Mama alisema nini mlangoni? Alinyamaza? Alimpa nini cha njiani? Ukikimbilia fremu ya duara linaloporomoka kwa sababu ndiyo itakayopata mioyo mingi Instagram, umeondoka na kile kilichokuwa juu juu. Kufikiri kunaweza kufanyika polepole, shambani, jembe likiwa mkononi, wiki tatu kabla. Kuchora kwenyewe kunaweza kumalizika kwa usiku mmoja.

Basi kijana asiurekebishe mkono ule. Auangalie kwanza kwa makini, ajue umekosewa wapi, kesho amwombe mama yake halisi amshike begani mbele ya kioo, achore vidole vile mara ishirini kwenye daftari, na katika ukurasa wa mwezi ujao mkono utoke vizuri. Lakini wa leo uende kama ulivyo. Ni fifi, uko katika mfuko wake, na mama aliyechorwa nao anampenda mwanawe kweli. Nawe uliyeko Kahama au Muscat, ukifungua simu Ijumaa na kuuona umepinda, umwandikie kijana kwamba umesoma.